Mvinyo mwekundu wa shamba letu ni mwepesi na unakakasa: uzito unatoka wapi?

Swali: Familia yetu ina mizabibu 400 ya Cabernet Sauvignon na mvinyo tunatengeneza wenyewe. Msimu uliopita tulivuna kilo 2,000, zabibu zikiwa Brix 21 (kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya zabibu). Tukaongeza sukari hadi Brix 24, tukaacha maganda ndani kwa wiki tatu tukiyasukuma chini mara nne kwa siku, kisha tukakamua mpaka machicha yakawa makavu. Tulitaka mvinyo mzito. Tumepata mvinyo wenye rangi ya kuridhisha, lakini katikati ya ulimi hauna kitu, unachoma koo na kukausha mdomo. Tulikosea wapi? Na huu ulio kwenye mapipa unaokoleka?

Jibu: Tuanze na neno lenyewe, maana kosa lilianzia hapo. Mvinyo mzito na mvinyo unaokakasa si kitu kimoja. Uzito ni ule ujazo unaousikia kabla ya kumeza: mvinyo unatanda juu ya ulimi, unakaa, na ladha yake haikatiki mara moja. Unatokana na pombe, na gliseroli ambayo chachu huizalisha wakati wa kuchachusha, na tanini (kile kinachokausha mdomo, kama kwenye chai kali) iliyoiva ya maganda, pamoja na vitu vingine vingi vilivyoyeyuka kutoka kwenye tunda. Ukakasi ni ile hali ya ulimi na fizi kukauka kama mtu aliyetafuna ganda la tunda bichi. Mvinyo mzito huwa na tanini nyingi, naam, lakini tanini hiyo imezungukwa na vitu vingine. Ninyi mlitafuta uzito, mkapata pombe na ukakasi, na kati yake pakabaki pengo.

Angalieni hesabu zenu wenyewe. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya pombe. Mlipopandisha Brix kutoka 21 hadi 24 mliongeza karibu gramu 30 kwa lita, sawa na pombe ya asilimia 1.75 hivi. Sukari ya mfuko haiji na rangi, haiji na tanini, haiji na harufu. Inaleta pombe peke yake, na ndiyo hiyo inayochoma koo. Kisha pombe yenyewe ni kiyeyushi. Mbegu ya zabibu ina utando wa mafuta unaoilinda, na pombe ikishapanda utando huo huachia na tanini kali ya mbegu huanza kutoka. Cabernet Sauvignon ya Brix 21 mara nyingi bado ina mbegu zenye ukijani. Mkaziloweka mbegu hizo kwenye pombe ya karibu asilimia 14 kwa wiki tatu, mkizikoroga mara nne kila siku. Matokeo hayo hayana siri tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko shambani. Kilo 2,000 kwa mizabibu 400 ni kilo tano kila mmea. Swali la kujiuliza ni kama majani yaliyopo yanaweza kuivisha mzigo huo. Kipimo kinachofaa ni mita moja ya mraba ya majani kwa kila kilo ya zabibu. Chipukizi moja lenye majani 15 yaliyokomaa lina takriban mita ya mraba 0.2, kwa hiyo linaweza kulisha gramu 200 hivi. Mzabibu wenye machipukizi 16 utaivisha vizuri kilo tatu na kidogo. Ukibeba tano, sukari inapanda polepole, maganda yanakaa membamba na mbegu hazikomai kabla ya msimu kufungwa. Hesabuni machipukizi yenu. Yakiwa 24 yenye afya, na yote yanapata jua, hadithi inabadilika.

Kupunguza mzigo kunafanyika zabibu zinapoanza kubadili rangi. Mkikata mapema mno, mara tu punje zinapofunga, punje zilizobaki hufidia kwa kunenepa, na punje nene si mnachokitaka: kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo ganda linavyokuwa jingi kwa kila lita ya maji yake, na rangi na tanini nzuri vyote vimo gandani. Subirini mpaka robo tatu ya punje ziwe zimeingia wekundu, kisha piteni mstari kwa mstari. Chipukizi fupi lisilofika urefu wa mkono libaki bila kishada au na kimoja kidogo. La wastani libaki na kimoja. Viwili viachwe kwenye machipukizi yenye nguvu tu. Vishada vilivyochelewa, vile ambavyo bado vina punje za kijani wakati vingine vimeshaiva rangi, viangusheni bila huruma, maana hivyo ndivyo vinavyoleta ladha ya kijani hata vikiwa vichache. Mtabaki na kilo 1,200 hivi. Kwa lita 0.65 za mvinyo kwa kila kilo, ni lita 780 badala ya 1,300. Hasara hiyo ni ya kweli na familia ikae iikubali kabla ya mkasi kushikwa, kwa sababu nusu njia haileti mvinyo mzito wala mvinyo mwingi.

Maji yana sehemu yake. Kiu kidogo kati ya punje kufunga na kubadili rangi huzifanya zibaki ndogo. Kiu kikali baada ya hapo huangusha majani na kusimamisha uivaji. Kumwagilia sana wiki ya mwisho kunazivimbisha na kushusha kile mlichokijenga miezi yote. Ondoeni pia majani yanayofunika vishada, lakini upande wa jua la asubuhi tu. Mwanga huo unasaidia kuondoa ile harufu ya pilipili hoho mbichi ambayo Cabernet Sauvignon huibeba ikiivia kivulini. Jua la alasiri likipiga vishada moja kwa moja, hubabua maganda.

Sasa siku ya kuvuna, na hapa ndipo familia yenye shamba lake inapata faida ambayo anayenunua zabibu sokoni hana. Siku ni yenu. Hakuna lori la mtu linalosubiri, na hakuna mkataba unaowalazimisha kuvuna shamba zima kwa asubuhi moja. Itumieni nafasi hiyo. Kipimo cha Brix ni cha lazima lakini hakitoshi. Chukueni punje 100 hadi 200 kutoka mistari yote, pande zote mbili za mstari, na kutoka juu, katikati na chini ya vishada, kwa sababu mkono wa mtu hupenda kuchuma punje nzuri zilizo mbele yake na kipimo kinakuja juu kuliko ukweli. Zipondeni pamoja, pimeni. Kwa mvinyo mzito lengeni Brix 24 hadi 25, ambayo huleta pombe ya asilimia 13.5 hadi 14.5, na pH (kipimo cha asidi; ikipanda, ukali wa asidi umepungua) kati ya 3.5 na 3.7.

Kisha wekeni vipimo pembeni mtumie vidole na meno. Shikeni punje moja na kuivuta kutoka kwenye kikonyo. Isiyoiva inang'ang'ania na kutoka na kipande cha nyama ya kijani. Iliyoiva inaachia kirahisi, na ule uzi mdogo unaobaki kwenye kikonyo unakuwa umeingia rangi ya zambarau. Iminyeni juu ya kiganja: maji ya mwanzo ni meupe, lakini ukisugua ganda kwa kidole gumba linapaswa kuacha doa jekundu mara moja. Tafuneni ganda peke yake, mara kumi na tano hivi, mteme. Likiwa chungu na lenye ladha ya majani, bado. Halafu mbegu: iwe ya kahawia pande zote, isiyo na mstari wa kijani, na ukiing'ata ivunjike kwa mlio kama kitu kilichokaangwa. Mbegu inayonata na kupondeka chini ya jino haijakomaa, hata kama Brix inasema 25. Rudieni zoezi hili kila siku mbili tangu Brix 22. Mistari ya pande zenye udongo wa kina huchelewa. Ivuneni siku nne au tano baadaye na kuichachusha kivyake.

Vuneni alfajiri zabibu zikiwa baridi. Toeni majani, vishada vyenye ukungu na punje zilizonyauka. Vikonyo vitolewe vyote. Kinu cha kupondea kifungueni kiasi cha kupasua ganda bila kugusa mbegu. Mbegu ikipasuliwa hapo, hakuna hatua ya baadaye itakayoirudisha. Punje nzima zikibaki hapa na pale hazina madhara. Wekeni potasiamu metabisalfaiti, dawa ya kuzuia vijidudu, gramu 7 kwa kila lita 100 za zabibu zilizopondwa, ambazo hutoa miligramu 40 hivi za salfa kwa lita, mchanganye vizuri, mwache mpaka kesho yake. pH ikizidi 3.8, ongezeni asidi ya tartariki; gramu moja kwa lita hushusha pH kwa karibu 0.1.

Wengine watawashauri mchuje asilimia 10 ya maji ya zabibu saa za mwanzo ili maganda yawe mengi kwa yaliyobaki. Ushauri huo ni mzuri kwa zabibu zilizoiva ambazo mvua ilizivimbisha. Kwa zabibu mbichi ni kuongeza dozi ya tatizo.

Chachu iwe ya mvinyo, si hamira ya mkate. Gramu 25 kwa lita 100, iloweshwe kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40 yenye uzito mara kumi ya chachu, dakika 20, kisha iongezewe maji ya zabibu kidogo kidogo mpaka tofauti ya joto isizidi nyuzi 10 kabla ya kuimimina tangini. Chachu iliyoshtuliwa kwa baridi hufa nusu, na ile inayobaki huishia njiani pombe ikifika asilimia 12. Chakula chake pia kina umuhimu: zabibu zenye sukari nyingi mara nyingi zina naitrojeni kidogo, na chachu yenye njaa hutoa harufu ya yai bovu. Theluthi ya sukari ikishaisha, ongezeni diamonia fosfeti gramu 20 hadi 25 kwa lita 100. Msiongeze karibu na mwisho. Chachu haiwezi tena kuitumia na masalia yake hulisha vijidudu vingine. Harufu ikitokea, mwageni mvinyo kwa kishindo kutoka chombo kimoja hadi kingine siku hiyo hiyo. Ikiachwa miezi hugeuka kuwa harufu ya kitunguu na mpira uliochomeka, isiyotoka kwa hewa.

Kuhusu usalama, lita moja ya maji ya zabibu yenye Brix 24 hutoa zaidi ya lita 50 za kabonidayoksaidi inapochachuka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni na ndani ya tangi. Fungueni milango na madirisha muda wote, msiinamishe kichwa ndani ya tangi linalochachuka, na mtu yeyote asiingie kwenye tangi lililotoka kumwagwa kabla halijapulizwa hewa na bila mtu mwingine kusimama nje. Akianguka, anayemfuata kwa haraka huanguka juu yake.

Sasa maganda. Rangi hutoka mapema kwa sababu huyeyuka kwenye maji. Kufikia siku ya nne hadi ya sita huwa imefika kileleni. Tanini ya ganda hufuata pombe inapopanda. Tanini ya mbegu huja mwisho. Mpangilio huo ndio unaowaambia lini mtumie nguvu. Siku tano za kwanza sukumeni maganda chini mara tatu hadi nne kwa siku, mkihakikisha hata ya chini kabisa ya lile tabaka la maganda linaloelea juu yamelowa. Sukari ikishuka hadi Brix 5, punguzeni mpaka mara mbili, taratibu, kiasi cha kulowesha tu ili juu pasikauke na kuanza siki. Ninyi mliendelea kwa nguvu ile ile mpaka mwisho, na hapo kila msukumo ulikuwa unatoa kwenye mbegu.

Joto lipimwe ndani ya tabaka la maganda, kwa kipimajoto kirefu, sentimita 20 chini ya uso wake. Mkipima maji ya chini mtadanganyika, kwani tabaka laweza kuyazidi kwa nyuzi tano na zaidi. Shabaha ni nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 22 mvinyo unatoka mwembamba kwa kuwa maganda hayaachii. Ukipita 33 chachu inaanza kuumia na uchachushaji unaweza kusimama sukari ikiwa bado ndani, jambo ambalo ni gumu kulirekebisha na huwakaribisha bakteria. Chupa kubwa za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa vizuri na kuoshwa, zinatosha kupoza tangi dogo.

Lini mkamue? Kwa kuonja, kila siku, tangu siku ya saba. Onjeni mvinyo ulioachwa utue kidogo kwenye glasi. Mtaona siku ambapo ukakasi uko mbele ya ulimi na kwenye fizi, laini kama vumbi la chaki. Hiyo ni tanini ya ganda. Ukianza kuusikia nyuma ya ulimi ukiwa na uchungu, mbegu zimeanza kusema, na hiyo ndiyo siku ya kukamua, hata kama kalenda inasema siku ya tisa na jirani ameacha siku 30. Siku nyingi zinafaa pale tu mbegu zilipokomaa. Sukari ikiwa haijaisha, mvinyo umalizie bila maganda mpaka haidromita (kipimo cha msongamano, ambacho kwa maji husoma 1.000) isome kati ya 0.992 na 0.996 kwa siku tatu mfululizo.

Mvinyo unaotiririka wenyewe wekeni peke yake. Kisha kamueni polepole, mkipumzika dakika kumi kila mnapoongeza shinikizo, na kila mara onjeni unaotoka. Ukibadilika kuwa mchungu na rangi ya kahawia, elekezeni kwenye chombo kingine. Machicha yanapaswa kubaki na unyevu. Ukiyafinya mkononi yaache matone machache. Yale yenu yaliyokauka yalikuwa yametoa kila kitu, kibaya kikiwemo, na kuchanganya vyote pamoja kuliharibu hata ule mzuri uliotangulia.

Baada ya saa 24 hadi 48 hamisheni mvinyo kutoka kwenye matope mazito ya chini. Kisha unakuja uchachushaji wa pili, ambapo bakteria Oenococcus oeni hugeuza asidi kali ya maliki kuwa ya laktiki iliyo laini. Bila hatua hii mvinyo mwekundu unabaki na makali yanayofanya tanini ionekane ngumu maradufu. Unahitaji joto la nyuzi 18 hadi 22 na msiweke salfa kabisa mpaka uishe, kwa kawaida wiki tatu hadi nane. Uthibitisheni kwa karatasi ya kromatografia, inayoonyesha kama asidi ya maliki bado ipo. Kutulia kwa mapovu si ushahidi. Siku unapoisha, salfa inawekwa bila kuchelewa, na kiasi kinategemea pH: kwa pH 3.4 salfa huru (ile ambayo haijashikana na vitu vingine vya mvinyo) ya miligramu 20 kwa lita inalinda vizuri, kwa 3.6 inatakiwa 31, kwa 3.8 karibu 50. Wengi hupima salfa na kusahau pH, kisha wanashangaa mvinyo kunuka zizi la farasi. Harufu hiyo ni ya chachu ya Brettanomyces, inayopenda pH kubwa, masalia ya sukari na mapipa yasiyosafishwa vizuri.

Pipa la mwaloni la lita 225 halitengenezi uzito ambao haukuwepo. Linaingiza hewa kidogo kidogo kupitia mbao, na hewa hiyo huunganisha tanini na rangi mpaka mdomo unazisikia laini. Miezi 12 hadi 18 inatosha. Mwaloni mpya uwe pipa moja katika matatu. Mkizidisha, mvinyo unaonja mbao. Jazeni pipa kila wiki mbili au tatu, kwani mvinyo hupungua kwa asilimia mbili hadi tano kwa mwaka, na nafasi tupu ndiyo nyumba ya bakteria wa siki.

Tumalizie na mvinyo wenu uliomo kwenye mapipa. Unaweza kulainishwa, lakini hautakuwa mzito; uzito haukuingia. Kwanza hakikisheni uchachushaji wa pili umekwisha na salfa iko sawa. Kisha chukueni pipa moja tu kwa majaribio. Ute mweupe wa mayai matatu mabichi, uliotengwa kabisa na kiini, upigeni taratibu bila kutoa povu pamoja na chumvi kidogo na nusu glasi ya maji safi. Mimineni huku mkikoroga pipa, mfunge, mwache wiki mbili. Protini ya ute hushikana na tanini kali na kuzama nazo. Hamisheni mvinyo bila kugusa mashapo, onjeni ukiwa kando ya ule wa pipa ambalo halikuguswa, bila mwonjaji kujua ni upi. Ukiwa bado unakausha mdomo, pipa linalofuata lipewe mayai manne au matano, si zaidi ya sita, kwani ute hauchagui vizuri: ukizidi huondoa na tanini njema, na wenu hauna ya ziada ya kupoteza. Kila atakayepewa mvinyo huo aambiwe umepitishwa kwenye mayai, kwa ajili ya wenye mzio.

Joto la pombe kooni halitoki kwa mayai. Linapungua kwa kuchanganya na mvinyo mwepesi wa pombe ndogo wenye tunda jingi, asilimia 12 hivi. Jaribuni kwenye glasi kwanza, kwa vipimo vya asilimia 10, 20 na 30, muonje siku hiyo na tena kesho yake kabla ya kugusa pipa. Msipoupata, unyweni huu mapema ukiwa na nyuzi 16 hivi. Ukiwa na joto zaidi ya hapo pombe hujitokeza mbele, na ukiwa baridi sana ukakasi unazidi.